Aliyepalilia Kaburi Lake

Kila mwaka, siku ya kuwaombea marehemu, tulitoka Songea mjini kwenda kijijini kwetu, njia ya Peramiho, kusafisha makaburi. Tulibeba majembe, mafyekeo, mishumaa na sufuria la maharage yaliyopikwa nyumbani, kwa sababu Mama hakupenda kula kwa watu. Mimi na wadogo zangu tulipewa kaburi la babu na la bibi. Baba alikuwa anapalilia la kwake.

Sisemi la mtu wa ukoo wake. Nasema la kwake mwenyewe. Kulikuwa na tuta pale, lina msalaba wa mti uliokwisha kuinama, na aliyezikwa humo, kwa habari waliyokuwa nayo watu, ni baba yangu. Anainama na jembe, udongo wa Novemba bado mgumu, anang'oa magugu mpaka mizizi, na majirani wakipita wanamtania: "Mzee, unafagia kwako?" Naye anawajibu, "Nafagia, nisije nikahamia kuchafu." Wanacheka. Mimi sikuwahi kucheka hata siku moja. Nilikuwa naona jinsi anavyolikanyaga lile tuta, taratibu, kama mtu anayepita chumba alicholala mgonjwa.

Najua nimeshakuchanganya, kwa hiyo ngoja nianze mbali.

Baba alichukuliwa Keya, jeshi la Mwingereza, akiwa kijana ambaye ndiyo kwanza ameoa. Wakamvusha bahari, wakampeleka Burma kupigana na Mjapani. Vita ilipokaribia mwisho, askari mmoja wa vijiji vya jirani akarudi na habari kwamba amemwona Baba akianguka mtoni, na hakumwona akiinuka. Hakusema uongo, maskini. Baba alianguka kweli. Ila waliokuja nyuma walimwokota, akalazwa hospitali huko Bara Hindi muda mrefu sana, hajui hata lugha ya wanaomgeuza kitandani.

Huku nyumbani wakalia. Mwili haupo, kwa hiyo wazee wakachukua mkeka wake, shuka lake na kinu kidogo cha ugoro alichochonga mwenyewe, wakavizika kama mtu. Matanga yalipokwisha, wakafanya ilivyokuwa desturi ya ukoo wetu: wakamkalisha mdogo wake mbele ya watu, wakampaka mafuta, pombe ikanywewa, wakampa jina la marehemu. Na mtu aliyepewa jina alikuwa amepewa mtu mzima wa yule mtu. Kuanzia siku ile yeye ndiye kaka. Nyumba ni yake, shamba ni lake, na mjane ni wake. Misheni hawakupenda, lakini misheni walijua baadaye, na walipojua mimi nilikuwa tumboni.

Ndiyo. Mimi ni mtoto wa mdogo wake. Sikuambiwa na mtu, wala sikumbuki siku ambayo sikujua. Ni kama kujua kwamba una kovu mgongoni.

Nikiwa bado nabebwa mgongoni, Baba akarudi. Alikuja kwa miguu, amevaa koti la jeshi, na wanawake waliokuwa kisimani wakatupa ndoo wakakimbia. Hakuna aliyemkumbatia. Mama yake mzazi alisimama mlangoni anamwangalia miguu, kama ni ya mtu au ya mzimu. Wakamwekea kigoda nje ya uzio, akakaa huko siku kadhaa, chakula anawekewa chini, mpaka wazee walipomnawisha kwa dawa ndipo akaruhusiwa kuingia. Mtu ametoka vitani! Mimi mpaka leo ile habari inanipandisha hasira, na wote walioifanya wamekufa, sina wa kumgombeza.

Wazee wakaamua kwamba mke arudi kwa mwenyewe. Shamba nalo lirudi. Lakini jina, wakasema, halirudi. Jina lililokwisha kutolewa mbele ya watu linamkaa mtu mpaka kufa, na huwezi kumvua kama shati. Basi pakawa na watu wawili wenye jina moja katika nyumba moja, na lile jina la mdogo mtu, alilozaliwa nalo, likabaki halina mwenyewe.

Kwa muda, sijui ni mwezi au zaidi, walilala chumba kimoja ndugu wale wawili. Baba aliniambia kwamba mdogo wake alikuwa anamwomba amsimulie Burma. Kila jioni Burma. Mvua isiyokatika, ruba wanaoingia kwenye viatu, mlio wa ndege fulani ambao Wajapani walikuwa wanauiga. Anasikiliza, anauliza, anarudia maneno. Kisha alfajiri moja akaondoka na watu waliokuwa wanakwenda Tanga kukata mkonge. Hakuaga. Waliorudi miaka ya mwanzo walisema wamemwona, baadaye hata hao wakakoma kusema.

Hapo ndipo maisha marefu ya baba yangu yalipoanzia, na aliyaishi yote kama mtu aliyeazima.

Ungemwona hungejua. Alikuwa mchapakazi hasa. Alifungua duka dogo la chumvi na mafuta ya taa, likafa wakati wa maduka ya kijiji. Akalima. Akafuga nguruwe. Ilipokuja miaka ya ruksa, sukari na sabuni zikaanza kuonekana tena mjini bila foleni, wafanyabiashara wakaanza kununua mahindi wenyewe bila kungoja chama cha ushirika, yeye tayari ni mzee mwenye mvi, lakini aliamka kama kijana. Akaweka mashine ya kusaga ya dizeli pale karibu na soko. Baadaye akanunua lori kuukuu, Isuzu, la kupeleka mahindi Makambako na Dar es Salaam. Vijana waliokuwa wanamwita mzee wa zamani wakaanza kumwita bosi.

Lakini kila mwenye mashine aliandika jina lake ukutani kwa rangi nyekundu. Ukuta wa Baba ulibaki mweupe. Fundi wa kuandika vibao alikuja mara nyingi kumbembeleza, akafukuzwa. Mjini alijulikana kama Mzee wa Mashine, na kijijini walimwita Askari. Mama alimwita kama wanawake wa kwetu wanavyowaita waume zao, Baba wa fulani, na huyo fulani ni mimi, mtoto wa kwanza. Kwa hiyo katika nyumba ile jina pekee alilokuwa anaitikia ni langu.

Nilijua hilo tangu mdogo na niliringa nalo. Wadogo zangu aliowazaa mwenyewe hawakuwahi kupata kitu mbele yangu. Nikiwa darasa la tatu mlevi mmoja aliniita "mtoto wa marehemu" barabarani, Baba akamzaba kofi moja tu, yule mtu akakaa chini kama amekaribishwa. Nilipoolewa na ndoa ikanishinda, alikuja na lile Isuzu mpaka mlangoni kwa mume wangu, akaingia bila hodi, akaanza kubeba kitanda changu mgongoni peke yake. Mume wangu anaomba, "Mzee, tuzungumze." Baba anasema, "Shika huku upande wa miguu, usijikune." Nikarudi nyumbani, nikawa msimamizi wa mashine. Kama kuna mwanamke aliyewahi kuwa na baba, ni mimi.

Ila alikuwa na mambo yake. Hakula kabla hajauliza, "Wengine wameshakula?" hata kama wote tumekaa mezani tunamtazama. Kiti kikubwa cha sebuleni hakukikalia. Mbwa wakibweka jioni ananyanyuka, anakwenda mpaka uzioni, anasimama. Mama anamwambia, "Rudi ndani, hakuna mtu." Anarudi. Sauti ya Mama akisema hivyo haikuwa ya kumtuliza. Ilikuwa ya mtu anayeomba. Mama hakutaka yule aliyekwenda Tanga arudi, alishatolewa machozi mara mbili na nyumba moja, na Baba alilijua hilo. Ndiyo maana miaka yote alipokuwa na nguvu za kwenda Tanga hakwenda. Alingoja. Na Mama alipofariki, nilimwona Baba akilia kweli, kilio cha mume, lakini matanga hayajaisha akaanza kuuliza abiria wa Tanga.

Jibu lilikuja lenyewe, mashineni. Mzee mmoja aliyerudi kutoka kwenye mashamba ya mkonge, shamba lao limechukuliwa na tajiri mpya na wakongwe wameambiwa waondoke, alikuwa kwenye foleni na debe lake la mahindi. Wazee hawawezi kukaa pamoja bila kuulizana ukoo, basi wakaulizana. Yule mzee akapiga paja.

"Kumbe! Kule tulikuwa naye mmoja wa ukoo wenu. Mwanajeshi, alikwenda Burma."

Baba akasema, "Katika ukoo wetu aliyekwenda Burma ni mmoja tu."

"Basi ndiye huyo. Anasimulia vita hiyo utafikiri ni jana. Kuna ndege walikuwa wanaigwa na Wajapani, anatuigia, watoto wanakimbia." Akataja jina. Lilikuwa jina la Baba. "Nilimwacha hajambo. Miguu tu ndiyo inamsumbua."

Baba akanyoosha mkono akazima mashine. Unga wa watu umo ndani, foleni imefika nje. Watu wakaanza kelele, "Ala! Mzee, vipi tena?" Yeye amesimama, unga kwenye nyusi, hasikii. Nikawasha mimi. Katika maneno yote yale mimi nilikuwa nimesikia neno moja tu: hajambo. Yupo hai.

Nataka kusema wazi nilichokiogopa. Baba alitaka kumrudisha ndugu yake nyumbani akiwa hai, na amrudishie kila alichoona kuwa ni chake. Shamba sawa. Lori sawa, achukue hata tairi. Lakini katika vitu vya yule mtu, mimi nilikuwa cha kwanza. Nilikuwa mwanamke mtu mzima, nimezaa, nimeachika, nina miwani ya kusomea, na nililala nalia kama mtoto anayepelekwa kwa shangazi asiyemjua. Niliona Baba atafika kule, atanishika mkono, atasema: chukua, nilikutunzia.

Akaniambia, "Utakwenda na mimi. Chukua kitenge kizuri." Nilitamani kukichana.

Tulipanda lori, mahindi nyuma, mimi katikati ya dereva na Baba. Madaba tukasimama, akanunua mahindi ya kuchoma, akayashika mpaka yakapoa, akampa dereva. Njia nzima alikuwa anajaribu maneno. Midomo inacheza. Tulipopita Makambako, upepo wa baridi unaingia kwenye tundu la kiooni, akaniuliza, "Nikimwita mdogo wangu, ataitika?"

"Kwani umwiteje?"

"Sijui. Kila nikitaka kumwita naona najiita mwenyewe."

Nikavumilia mpaka Iringa, nikashindwa. "Baba, tukimpata, mimi nitakuwa nani?"

Akanitazama. "Utakuwa mwanamke mnene uliyekaa katikati ya gari unabana watu." Dereva akacheka mpaka lori likayumba. Nilicheka na mimi, lakini nilitambua kwamba hakujibu.

Tulishusha mzigo Dar es Salaam, tukapanda mpaka Korogwe. Shamba lenyewe tulifika mchana. Mkonge ulikuwa umeshikwa na majani, mistari mingine haionekani kabisa, na upande wa pili trekta jipya la tajiri linang'oa visiki. Nyumba za kambi zimebaki chache zenye watu. Tukauliza. Mtu akatuonyesha mlango wenye pazia la khanga, na mwanamke wa Kisambaa, mtu mzima, amekaa nje anapepeta maharage.

Alipoinua uso akamwona Baba, ungo ukamlalia mapajani. Akaziba mdomo. Kisha akasema, "Mmechelewa, jamani. Mmechelewa." Akaanza kulia.

Mdogo mtu alikuwa amefariki masika hiyohiyo. Mvua zilikuwa zinanyesha wakati yule mzee wa foleni yuko njiani kurudi Songea na habari kwamba hajambo. Baba akatafuta pa kukaa, hakuona, akakaa chini kwenye vumbi na suti yake ya kanisani. Nilimwinamia nikamshika bega. Lilikuwa gumu kama ubao. Ndani yangu, Mungu anisamehe, kulikuwa na kitu kilichopumua. Nikasema moyoni, basi, yamekwisha, tunarudi nyumbani na baba yangu.

Yule mama akatuletea mkeka, akatupa maji. Majirani wakakusanyika, wakongwe wa Kingoni waliokosa pa kwenda, nao wakakaa. Wakaanza kumsifu marehemu kama ilivyo. Alikuwa mtaratibu. Alikuwa hagombani. Alikuwa askari. Mmoja akasimulia jinsi marehemu alivyoanguka mtoni huko Burma, wenzake wakamwacha wakidhani amekufa, akaamka hospitalini kwa Wahindi, mtu anamgeuza kitandani wala hajui lugha yake. Akasimulia vizuri sana. Ruba wamo. Mvua imo. Baba alikuwa anasikiliza maisha yake, na mahali fulani nikamwona anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari ile kwa mara ya kwanza na kuiamini.

Nilitaka kusema. Unanijua sasa, siwezi kukaa kimya mtu akionewa. Nilishafungua mdomo niwaambie kwamba aliyeanguka mtoni ndiye huyu hapa, mtazameni. Baba akaniwekea mkono juu ya goti, akabonyeza.

Yule mama akajifuta macho. "Alikuwa anasema ana mdogo wake nyumbani. Anasema, nilimwachia mke wangu na mtoto wangu mchanga, na najua hatawatupa." Akamtazama Baba. "Ndiye wewe?"

Kuku walikuwa wanadonoa maharage kwenye ungo na hakuna aliyewafukuza.

"Ndiye mimi, shemeji," Baba akasema.

Yule mama akamwuliza jina lake. Baba akataja lile jina lisilokuwa na mwenyewe, jina alilozaliwa nalo mdogo wake. Lilitoka kinywani mwake bila kukwama. Nikajua kwamba ndilo alilokuwa analijaribu njia nzima, na alikuwa ameliandaa hata kabla hatujajua kama tutamkuta mtu au kaburi. Alikuwa amekuja kumwachia jina. Angemkuta hai angemwambia: kaa nalo, mimi nitachukua lako.

"Na mtoto?" mama akauliza. "Aliishi?"

Baba akanigeukia. Nilimtazama machoni nikamwomba, bila kusema, nikamwomba kwa nguvu zangu zote. Yeye naye machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti ilikuwa imara, sauti aliyokuwa anaitumia kuwaambia wateja bei.

"Aliishi. Nimemlea. Ndiye huyu."

Loo! Yule mama alinirukia. Wakongwe wote wakanyanyuka, wananishika kichwa, wananishika mikono, wanasema pua ni yake, paji ni lake. Kumbe marehemu hakupata mtoto mwingine. Wakanibeba kama bibi harusi, tukaenda wote nyuma ya kambi, kwenye makaburi yaliyokuwa kando ya mkonge. Baba akawa nyuma ya msafara, peke yake, kofia mkononi, kama mtu aliyetusindikiza tu.

Tuta lilikuwa bado bichi. Msalaba wake una jina la Baba, limeandikwa kwa rangi nyekundu.

"Msalimie baba yako," yule mama akaniambia. "Amekungoja."

Sikuweza. Nilisimama pale, nina hasira na aliyelala na nina hasira na aliyesimama. Watu wakangoja. Kisha nikasikia sauti nyuma yangu, ya chini, ileile iliyonifundisha kuhesabu na kusali: "Sema, mwanangu."

Nikapiga magoti kwenye udongo na kitenge changu kizuri.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba," akaitikia.

Ilimtoka tu, kama ilivyokuwa inamtoka kila asubuhi tangu nilipojua kusema. Watu wote wakageuka wakamtazama. Akaweka kofia mdomoni, akaibana kwa mikono miwili, akatikisa kichwa kuomba radhi.

Nikageukia tena kaburi. Nikarudia salamu, na safari hii hakuna aliyeitikia.